Panga la Asubuhi

Walipotafuta mtu wa kuitetea kamba, walikuja moja kwa moja kwangu. Mchungaji wala hakuzunguka. "Mama Loveness," aliniambia, "kuna wakili anakuja ukumbini Jumamosi. Shirika lao linataka watu wazungumze, adhabu ya kifo ibaki au ifutwe. Wa kusema ifutwe ninao. Wa kusema ibaki, nimekosa mtu asiyetafuna maneno." Nikamjibu, "Basi umempata."

Wala sikuona aibu. Hapa kwetu Hai, kuanzia barabara ya lami mpaka huku juu migombani, hakuna asiyejua kwamba mimi Elinipendo nataka mtu anyongwe, na mtu mwenyewe namjua kwa jina. Anaitwa Godlove. Ni mtoto wa jirani yangu Ndelilio, mama aliyemlea bila mume. Kihamba chake na changu, mashamba yetu ya ukoo, vimepakana, kinachotutenganisha ni mfongo tu, ule mfereji wa maji tulioachiwa na babu zetu, ambao tunaupokezana kwa zamu kumwagilia. Miaka sita iliyopita, asubuhi moja ya Februari, Godlove alimkata mume wangu Filemon kwa panga pale pale mfongoni. Pigo moja, la shingoni. Mimi nilikuwa mlangoni pa banda la ng'ombe, hatua kama thelathini, nimeshika ndoo ya maziwa. Nilipiga yowe, yeleuwi, yeleuwi, mpaka sauti ikakauka, na watu walipofika Filemon alikuwa ameshanyamaza.

Hiyo ndiyo kesi yangu. Mahakama ilimtia Godlove hatiani kwa kuua kwa kukusudia, na jaji akasema anyongwe mpaka afe. Rufani ilikataliwa mwaka jana. Tangu hapo nilikuwa namuuliza kila mtu anayejua kusoma gazeti: mbona hawamnyongi? Wanasubiri nini, azeeke? Ndelilio aliniletea isale mara mbili, lile jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha unatakiwa ulainike. La kwanza nililitupa majini. La pili nililirudisha nimelishika kwa vidole viwili. Watu walisema nimevuka mpaka. Waseme, nilijiambia, wao waume zao wanakunywa chai nyumbani. Ndelilio amenizidi miaka kumi, ni mtu wa kumpa shikamoo, na mimi kwa miaka sita sikumpa. Tulikuwa tunapishana njiani kama watu wasiojuana.

Jumamosi ukumbi wa usharika ulijaa. Binti yangu Loveness alipanda kutoka Njoro, mjini Moshi, ambako ana cherehani zake mbili na wateja wasioisha. Alikaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mama, leo usimtukane mtu." Nikamwambia nitamtukana anayestahili. Shemeji yangu Shedrack, mdogo wake Filemon, alikaa mbele kabisa na koti lake la Jumapili. Wakili ndiye aliyenishangaza. Nilitegemea mzee mwenye kitambi, kumbe ni msichana tu, Victoria, mtu wa Mwanza, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vimeshaliwa na udongo wetu mwekundu kabla hata hajafika mlangoni.

Alieleza taratibu, bila makeke. Nchi hii haijamnyonga mtu tangu miaka ya tisini, alisema, lakini sheria ipo na hukumu zinaendelea kutolewa. Jaji akishaona umeua kwa kukusudia, hana adhabu nyingine ya kuchagua, ni hiyo hiyo. Basi watu wanakaa gerezani miaka kumi, ishirini, na kila asubuhi mlango ukigongwa hawajui wamefuatwa kwa uji au kwa kamba.

"Na kaka yangu alijua?" Shedrack alidakia. "Aliamka akaenda kwenye maji. Nani alimgongea mlango kumwambia jiandae?"

Watu wakaguna kumkubalia, na mimi nikamkubalia kuliko wote. Baada ya hapo kila mtu alitaka kusema. Mwalimu mmoja mstaafu alisema serikali ikimuua mtu kwa niaba yetu, basi tumemuua sote, hata yeye aliyekuwa amelala. Mama mmoja aliyevamiwa na majambazi akamuuliza anataka wauaji wale ugali wa bure mpaka lini. Kijana mmoja mwongoza watalii akasema mahakama ni watu, na watu hukosea, na aliyefungwa kwa makosa unaweza kumfungulia. Shedrack akamjibu vizuri tu, lazima niseme. Alisema kama tunaogopa kukosea basi tufunge mahakama zote, maana hata miaka thelathini jela huwezi kumrudishia mtu. Ukumbi ulikuwa unaenda huku na huku, na hakuna aliyepandisha sauti. Sisi watu wa milimani tukibishana kanisani tunabishana kwa adabu.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama na mkoba wangu mkononi.

"Ninyi mnaosema asamehewe," nilianza, "mnasamehe kwa mdomo wa nani? Wa Filemon? Filemon hana mdomo. Nimelala na yule mzee miaka thelathini na mbili. Najua alivyokuwa anakohoa. Leo mnaniletea haki za binadamu, haya, na Filemon alikuwa nini, mgomba?" Watu walicheka kidogo. "Saa kumi na mbili asubuhi, mtu anakuja na panga mkononi. Mtu aje na panga kwa jirani yake alfajiri yote hiyo kama hakukusudia kuua? Hata jaji aliliona hilo. Basi mtu aliyekusudia, naye akusudiwe!"

Walinipigia makofi. Usidhani ni machache, yalikuwa makofi ya kweli, na moyo wangu ulijaa. Nilikuwa nimeshaanza kukaa pale bibi Kornelia aliponyoosha mkono. Kornelia ana zaidi ya miaka themanini na anasema lolote linalomjia.

"Pole, mama Loveness, pole sana kwa yote," alisema. "Ila saa kumi na mbili asubuhi, hapa kwetu nani hana panga? Mimi mwenyewe na magoti haya mabovu saa hizo ninalo."

Ukumbi mzima ukacheka, hata mchungaji. Victoria hakucheka. "Samahani bibi, sijaelewa," alisema. "Kwa nini kila mtu awe na panga asubuhi?"

Loo! Watu kumi wakamjibu kwa pamoja. Majani ya ng'ombe! Kwao ng'ombe wanatembea kuyafuata majani, huku kwetu ng'ombe wamefungwa bandani mwaka mzima na majani ndiyo yanayotembea, kichwani mwa mtu. Kabla ya chai, kabla ya kunawa uso, unashika panga unaenda kukata. Sisi tunatembea na panga asubuhi kama watu wa mjini wanavyotembea na simu. Victoria aliandika hayo yote kwenye daftari lake. Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti ile ile ya upole.

"Na Godlove, mama, siku ile panga lake lilikuwa la nini?"

"La majani!" nikasema. Mdomo ulikuwa bado wa moto na makofi, wala sikufikiri. "Si alikuwa anatoka kukata? Mzigo wenyewe aliutua pale pale mfongoni, mabingobingo na majani ya mgomba, ulibaki pale mpaka jioni Shedrack akawapa ng'ombe wetu."

 Nilisikia mtu wa nyuma akihamisha kiti. Shedrack aligeuka akaniangalia.

"Hilo ulilisema mahakamani, mama?" Victoria aliuliza.

"Sikuulizwa," nikajibu, na nikakaa.

Nyumbani Loveness hakusema kitu mpaka alipomaliza kukoroga mtori. Huyu mtoto ana tabia ya baba yake, anasubiri mpaka umeshasahau ndipo anakupiga swali. "Mama," alisema, "hukuulizwa, au ulishukuru hukuulizwa?"

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mtu aliyezaliwa jana asinifundishe msiba wangu. Nilimwambia na mengine ambayo siyarudii hapa. Alisonya chinichini, akanipakulia, akarudi zake Njoro kabla giza halijaingia. Nilibaki na ule mtori, sikuula. Kwa sababu kweli ni kwamba nilipokuwa kizimbani, wakati mwendesha mashtaka ananiuliza, "Alikuja na nini mkononi?", niliuona ule mzigo wa majani mbele ya macho yangu kabisa. Nikasema, "Panga." Nikasubiri kuona kama kuna mtu ataniuliza juu ya majani. Hakuna aliyeuliza. Na nilishukuru.

Jumatatu Victoria alipanda tena, safari hii na mabuti ya mpira ya kuazima. Alikuja na nakala ya hukumu. Alikuwa ameisoma Jumapili yote, alisema, na akaomba anisomee sehemu. Jaji alikuwa ameandika kwamba Godlove alikana kila kitu, akadai siku ile alikuwa Bomang'ombe mnadani, na kwamba huo ulikuwa uongo mtupu. Ni kweli ulikuwa uongo, mjomba wake ndiye aliyemfundisha ule upumbavu, eti ukikana kabisa hawana pa kukushika. Mtu aliyekwisha kusema hakuwepo hawezi tena kusema alikuwa anatoka kukata majani. Ndivyo alivyojifunga mwenyewe. Nilipomsikia akikana pale mbele yangu, mimi niliyemwona kwa macho haya, hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Kama yeye hasemi kweli, nilijiambia, mimi nimsaidie kusema ya nini?

"Sikiliza hapa," Victoria alisema, akasoma polepole. Jaji alisema mshtakiwa kuja na panga alfajiri katika shamba la marehemu kunaonyesha kwamba alikuwa amekwisha kupanga kuua kabla hajafika. Na kwamba hilo amelithibitisha shahidi wa kwanza, mjane wa marehemu, mwanamke ambaye mahakama imemwona kuwa mkweli na asiyeyumba.

"Rudia hapo mwisho," nikasema.

Akarudia. Mkweli na asiyeyumba.

Alinieleza kwamba kuua kwa hasira ya ghafla, bila kukusudia, ni kosa jingine na lina adhabu nyingine. Bado ni jela, na inaweza kuwa jela ndefu, lakini si kamba. Kuna njia mbili zimebaki, alisema, zote nyembamba. Kuomba kesi ipitiwe upya, au barua kwa Rais abadilishe adhabu. Kwa yote mawili, hati ya kiapo ya shahidi wa kwanza ingekuwa na uzito. "Sikuahidi kwamba itamtoa," alisema. "Na sikufichi kwamba wanaweza kukuuliza kwa nini ulikaa kimya."

"Na nisiposaini?"

"Basi inabaki hivi ilivyo. Siku yoyote mtu mmoja akiamua kuweka saini yake, kijana ananyongwa kwa panga la majani."

Shedrack alikuja jioni hiyo hiyo, hakukaa hata nilipomsogezea kiti. "Shemeji, nasikia unaandikishwa," alisema. "Watakufunga wewe badala ya yule. Na hata wasipokufunga, utakuwa umemtia kaka yangu doa. Aliyekatwa ni nani? Ni Filemon au ni mzigo wa majani?"

"Filemon."

"Basi. Panga liwe la majani, liwe la mbuzi, shingo ni ile ile." Alikuwa na uchungu, namwelewa, walikuwa wawili tu kwa mama yao. Halafu akashusha sauti. "Leo mzigo wa majani. Kesho utawaambia nini kingine?"

Nikaangalia pembeni. Kingine kilikuwepo, na Shedrack alikijua, kwa sababu siku ile ya msiba nilimwambia yeye peke yake. Filemon ndiye aliyeanza kumsukuma Godlove. Shedrack alinishika mkono akasema hilo tutalizika pamoja naye, na mimi nikakubali. Mtu hawezi kusimama mbele ya jeneza la mume wake akaanza kutaja makosa yake.

Siku mbili nilikata majani mwenyewe, bila kumwomba mtu. Nilikuwa nakutana na watu njiani, kila mmoja na panga lake. Tunasalimiana, unaulizwa ng'ombe wameamkaje, unajibu salama. Nilijaribu kumwona kila mmoja kwa macho ya yule jaji, mtu wa mbali, na nikaona kweli, ukitazama hivyo sote hapa ni wauaji kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja. Angejuaje? Wa kumwambia nilikuwa mimi. Aliniamini mpaka akaniandika kwa jina zuri kwenye karatasi ya kumwua mtu.

Alhamisi nilivaa kitenge changu cha kwaya nikashuka Bomang'ombe, kwenye ofisi ndogo ambayo Victoria aliazima kwa wakili mwenzake, nyuma ya stendi. Nilisema juu ya majani. Nilisema mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, aliutua wapi, na kwamba nilikuwa nimeuona muda wote. Victoria aliandika, akanisomea, yule mwenzake akaniapisha, nikasaini, mhuri ukagongwa. Alipouliza kama kuna jambo jingine la kuongeza, nilisema hapana. Nimetoa la kutosha, nilijiambia. Filemon naye abaki na chake.

Sikwenda nyumbani. Nilishuka kwenye bodaboda njiapanda nikaingia kwa Ndelilio, mlango ambao nilikuwa sijauvuka kwa miaka sita. Alikuwa uani anamenya ndizi. Amezeeka jamani, sikuwa nimemtazama vizuri, mikono imekuwa mifupa mitupu.

"Shikamoo, mama Godlove," nikasema.

Kisu kilisimama.  "Marahaba," akasema.

Nikamweleza. Nilimwambia habari ya mzigo wa majani, na ukumbi, na Victoria, na karatasi yenye mhuri ambayo nimetoka kuisaini sasa hivi. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Yeye ndiye aliyelia. Aliinuka na ndizi zikamwagika, akanishika mikono yote miwili, akaibusu, mimi niliyelitupa isale lake kwenye maji. "Mungu akubariki," alikuwa anasema, "Mungu akubariki mwanangu, mimi siku zote nilisema, Elinipendo ana hasira lakini ni mkweli. Waulize watu. Nilisema Elinipendo ni mkweli."

Akakimbilia ndani, kwa miguu ile, akaniletea maziwa mgando kwenye kata. Nikaishika ile kata. Niliifikisha mdomoni, sikunywa. Nimeshatukanwa sana maishani mwangu na haikunisumbua, ila kusifiwa kule kulinichoma. Nikaiweka chini.

"Kuna jingine," nikasema. "Sijaliandika."

Akakaa.

"Siku ile maji yalikuwa ni zamu yenu. Filemon aliyageuza usiku akayaleta kwetu, nilimwambia asifanye hivyo, akasema mwanamke asiye na mume hatajua. Godlove akafika na mzigo wake, akautua, akauliza mbona maji yamefungwa. Aliuliza kwa adabu, alimwita baba. Filemon akamtukana. Alikutukana na wewe. Akamsukuma mara ya kwanza, akamsukuma mara ya pili, kijana akaanguka magoti ndani ya mfongo. Alipoinuka, panga lilikuwa mkononi bado. Pigo lilikuwa moja, hata hajasimama sawasawa. Halafu alilitupa akakaa chini akashika kichwa, mpaka yowe langu lilipomkimbiza."

 Kuku walikuja wakaanza kudonoa maganda ya ndizi, Ndelilio hakuwafukuza.

"Mimi hajawahi kuniambia kwamba alisukumwa," alisema mwishowe. "Nimekwenda kule gerezani mara tisa. Kila nikimuuliza ananiambia, mama, nilimwua mzee wa watu. Basi, haongezi." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na hili kwa nini hukuliandika leo?"

"Filemon hayupo kujitetea."

"Ndiyo. Na wangu yupo." Aliniangalia usoni, na sikuona hasira, afadhali ingekuwa hasira. "Jumamosi waliniambia ulisimama ukumbini, ukataka wamnyonge upesi. Kwamba ulipigiwa makofi."

"Ni kweli."

"Wangekusikiliza, mama Loveness, wangemnyonga mwaka jana ulipotaka. Haya ya leo ungekuja kumwambia nani?"

   Niliwaza siku ambayo ningesikia redioni kwamba wameshamaliza, ningechinja kuku, ningewasha moto, na hili la kusukumwa ningebaki nalo mimi na Shedrack, na mtu wa kurudishiwa angekuwa ameshafukiwa mahali ambapo hata mama yake haonyeshwi.

Nikaangalia saa ya simu. Saa nane kasoro. Victoria alisema yupo ofisini mpaka saa kumi.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Unakuja na mimi Bomang'ombe. Nataka uwepo nikisema, nisije nikakwepa tena."